Taa ya kuoteshea pilipili niliyoinunua Kariakoo: uzoefu wangu

Niseme kwanza lililo kweli: taa yenyewe inakuza miche ya pilipili, na inaikuza vizuri. Nalisema mapema kwa sababu maneno yatakayofuata yana hasira, na sipendi msomaji adhani kwamba nimekusudia kuichafua bidhaa ambayo kwa muda mrefu ilinipa furaha kubwa.

Ninaishi Upanga, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo jengo la jirani limeizibia jua. Joto si tatizo letu, kwa kuwa mbegu za pilipili huota vizuri kwenye udongo wenye nyuzi 25 hadi 30, na Dar es Salaam chumba chochote kina joto hilo bila kifaa cha kupashia. Tatizo ni mwanga, na kwa anayetaka hoho tatizo jingine ni kalenda. Hoho nyingi tunazokula mjini hapa hutoka Lushoto na Mgeta, kwenye milima yenye ubaridi, kwa sababu huku pwani, usiku ukiwa wa joto kali, mmea hudondosha maua kabla ya kushika tunda. Nafasi yetu nzuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Ili mmea uwe tayari wakati huo ni lazima mbegu zioteshwe wakati wa masika, na juu ya paa la ghorofa letu, ambako ndiko kwenye jua, mvua ya masika hailei mche mchanga, inaufukia. Ndiyo maana ninaotesha ndani, chini ya taa, kwa wiki nane hadi kumi, kisha napandisha vyungu juu mvua zinapokatika.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama nilivyotamani. Niliining'iniza taa kama sentimita 30 juu ya trei, nikaiacha iwake saa 14 kwa siku, na hoho za mbegu chotara, zile zinazouzwa ghali kwa kuhesabiwa punje, zikatoa majani ya kweli mapana yenye kijani kilichokolea juu ya mashina mafupi manene. Pilipili mbuzi, ambazo mbegu zake nilipewa na wifi yangu wa Tanga, zilichelewa kama kawaida yao, lakini nazo zilitoka. Kila asubuhi nilikuwa nikienda kuzitazama kabla hata ya kuchemsha chai.

Kisha, katikati ya masika, adapta ikafa. Jioni taa ilipepesa, na asubuhi haikuwaka kabisa. Ndani ya siku chache hoho zile zilikuwa zimerefuka na kulalia upande wa dirisha, mashina yamekuwa membamba kama uzi, na kwa kuwa miche isiyo na mwanga hunywa maji kidogo, udongo ulikaa na unyevu hadi kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, kikaingia. Aliyewahi kukiona anajua kilivyo: shina linageuka rangi ya kahawia pale pale linapogusana na udongo, linabonyea, na mche ambao jana ulikuwa umesimama unalala chali.

Nilirudi dukani na taa, boksi na risiti. Kijana yule yule ambaye siku ya mauzo alinipa shikamoo na kiti hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nilimweleza kwa utulivu. Akanijibu, "Mama, waranti ni ya taa ya kuwashia nyumba, siyo ya kuwasha mchana kutwa kwa ajili ya majani." Boksi lilikuwa juu ya kaunta, kati yangu na yeye, na ubavuni mwake kuna picha kubwa ya mche wa nyanya. Nilimwonyesha kwa kidole. Akachukua risiti ya EFD, akaigeuza mbele na nyuma, akasema tarehe haisomeki. Ni kweli wino ulikuwa umefifia, kama unavyofifia kwenye karatasi zile zikikaa kwenye joto, lakini jina la duka lilionekana na yeye mwenyewe alinikumbuka. Nikamwambia, "Mwanangu, ulinihakikishia mwaka mzima." Ndipo akasema, mbele ya wateja wengine, "Pilipili si ziko sokoni hapo? Kanunue fungu." Wakacheka.

Neno hilo sijalisahau. Mtu anayeuza taa za mimea anamdharau mteja kwa sababu anapanda mimea!

Fundi wa mtaani kwetu aliifungua adapta, akanionyesha kapasita iliyovimba kichwani, akaibadilisha kwa bei ndogo sana, na taa ikawaka tena siku hiyo hiyo. Hapo nilitaka kuandika kwamba bidhaa ni nzuri na ubovu ni wa muuzaji peke yake. Lakini nikikumbuka boksi lile limeandikwa wati 1000, nashindwa. Taa ya wati 1000 hula uniti moja ya umeme wa LUKU kwa saa; nilizima kila kitu nyumbani, nikaiacha yenyewe iwake saa nzima, na mita haikushuka hata robo uniti. Wakati ule nilifurahia kuokoa umeme. Leo naona kwamba nilidanganywa tangu kwenye boksi, na sifa niliyoitoa hapo juu naipunguza: inakuza miche, ndiyo, lakini kwa bei ile haistahili.

Pilipili mbuzi zilinusurika na sasa ziko juu ya paa zikichanua. Hoho zimekwisha, na nikisia mbegu sasa zitatoa maua wakati joto limesharudi, kwa hiyo msimu huu sina. Fedha ya adapta ningeweza kusamehe. Hoho zangu za kipupwe simsamehei, na dukani kwake sirudi.

Anayehitaji taa ya namna hii anunue kwa muuzaji atakayekubali kuandika waranti kwa kalamu kwenye boksi lenyewe, na aipige picha risiti kabla ya kuondoka kaunta.