Geuza Kasha Kwanza: CD za Mkusanyiko, Ipi Ununue?

Kaka yangu wa Tanga alitimiza miaka 50 mwaka jana, nikataka zawadi ya kumrudisha ujanani. Gari lake ni Toyota ya mtumba kutoka Japani, redio yake bado inameza CD. Nikamnunulia huku Uingereza kasha la CD tatu, nyimbo 60 za roki na pop za miaka ya 80, majina makubwa yote yamepangwa mbele. Tulilijaribu njiani kwenda Muheza. Wimbo wa kwanza ulipoanza kaka akapunguza mwendo, akatega sikio. "Dada, huyu mbona kama yuko harusini?"

Alisema kweli. Mwimbaji alikuwa yuleyule, ila sauti imeshakula chumvi, na gitaa la mwanzo limegeuka kinanda. Nikageuza kasha. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: "re-recorded". Kumbe nyimbo zilirudiwa studio uzeeni.

Kwa hiyo leo sitaki kusikia habari za idadi ya nyimbo wala uzuri wa jalada. Nauliza kitu kimoja: je, ndani ni ile rekodi uliyoisikia redioni, au pacha wake?

Mchezo uko hivi. Rekodi ya awali kwa kawaida ni mali ya kampuni iliyomsaini msanii. Anayetaka kuiweka kwenye mkusanyiko lazima ailipie. Mkataba ukishamruhusu, msanii anaweza kuimba wimbo uleule upya na kuuza hiyo mpya, na wafyatuaji wa CD za bei poa huikimbilia kwa sababu ni rahisi. Kurudia si dhambi. Taylor Swift alipoanza kurudia albamu zake mwaka 2021 aliandika wazi kwenye jina kwamba hili ni toleo lake. Kinachoniudhi ni kufichwa.

Namna ya kuwakamata: nyuma ya kasha au kwenye kijitabu, tafuta alama ya herufi P ndani ya duara. Hiyo ni ya rekodi yenyewe. Ile ya C inahusu picha na maandishi. Usidanganyike na mwaka wa mkusanyiko mzima, hata mkusanyiko halali una mwaka wake mpya. Angalia mstari wa kila wimbo. Wimbo wa 1983 ukiandikwa 1983 na jina la kampuni iliyoutoa, lipa. Ukikuta nyimbo zote 60 ni za kampuni moja usiyowahi kuisikia, rudisha rafuni.

Namba moja kwangu ni Now, kwa kirefu Now That's What I Call Music, na sioni haya kusema. Mfululizo huu ulianza Novemba 1983, kampuni za rekodi Virgin na EMI waliposhirikiana kutoa nyimbo 30 kwenye santuri mbili, na kwa kuwa wenye rekodi ndio wenye mkusanyiko, walikupa rekodi zenyewe. Ya kwanza inafunguliwa na Phil Collins. Wamo pia UB40, Culture Club na Bonnie Tyler. Jina hilo refu lilitoka kwenye tangazo la zamani la nyama ya nguruwe, na nguruwe huyo akawa nembo ya matoleo ya mwanzo. Nyumbani kwa mama nililiweka kasha kifudifudi.

Ndani ya Now, anza na Yearbook, zilizoanza kutoka 2021: mwaka mmoja, CD nne. Ndiyo niliyompelekea kaka kufuta aibu. Nafasi ya pili ni zile za namba, zitokazo mara tatu kwa mwaka, zilizofika 100 mwaka 2018. Toleo la pili, la 1984, linafunguliwa na Queen, na mwimbaji wao Freddie Mercury ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa hiyo nina upendeleo na sitauomba radhi. Kwenye maduka ya hisani, yauzayo vitu vilivyotolewa bure na watu, zangu nyingi nimezipata kwa pauni moja. Angalia tu usichanganye na Now za Marekani, zilizoanza 1998 na zina namba zake.

Nafasi ya tatu ni Hits Album, waliyoianzisha kampuni za CBS na WEA (hii ni ya Warner) mwaka 1984 kushindana na Now. Rekodi ni zenyewe. Kila upande ulibana wasanii wake: Madonna alikuwa wa Warner, Wham! wa CBS, hivyo anayetaka mwaka mzima hununua pande zote mbili.

Santuri za K-tel ya Kanada nazipenda kwa kumbukumbu tu. Walijaza nyimbo 20 au zaidi kwenye santuri moja. Ili zienee, nyimbo zikakatwa, mifereji ikabanwa na sauti ikafifia.

Za bei ya kutupa? Ruka. Ukiona "as made famous by", yaani "kama ulivyovumishwa na fulani", ujue hata mwimbaji siye. Elton John mwenyewe kabla hajawa nyota aliwahi kuimba nyimbo za wenzake kwenye santuri za namna hiyo, lakini bahati kama hiyo usiitegemee.

Sasa wauzaji wa mtandaoni. Picha sita za mbele, moja ya ubavuni, nyuma hakuna! Ndiko ukweli uliko. Nilimwandikia mmoja nikimwomba picha ya nyuma. Akanitumia tena ya mbele, safari hii ameisogelea karibu. Kasha pauni tatu, kulituma pauni nne na nusu, na nikitaka kulirudisha gharama ni yangu.

Zile CD tatu za kwanza kaka amezifunga kamba na kuzitundika shambani kwenye mpunga. Anasema ndege hawasogei.