Uzoefu wangu: kozi ya kuchora Bandari ya Kale ya Mombasa kwa rangi za mafuta

Kozi hii ya mwisho wa wiki hufanyika Mji wa Kale, na ninaipendekeza hasa kwa sababu mwalimu hamruhusu mwanafunzi kugusa buluu kabla hajakamilisha bandari nzima kwa kahawia moja iliyozimuliwa kwa tapentaini. Katazo hilo linaudhi, maana kila mmoja wetu alikuwa amefuata bahari, lakini ndilo linalomfundisha mtu kupima giza na mwanga kwanza. Ubavu wa jahazi uliokolea kwa sifa (mafuta ya papa yanayopakwa vyombo) huonekana majini ukiwa umepauka kidogo, ilhali tanga jeupe huonekana majini likiwa limeingia giza kidogo. Asiyeliona hilo atachora vyombo vinavyoelea hewani.

Kazi ngumu zaidi ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Mombasa hupanda au kupwa kwa zaidi ya mita 3 katika muda wa takribani saa 6, kwa hiyo chombo ulichokianza kikiwa sambamba na gati huishia chini yake, foromali, mti unaobeba tanga, ikiwa imehama kabisa mahali pake. Tulielekezwa kuweka alama ya usawa wa maji na mwelekeo wa vivuli mapema, kisha kuzishika alama hizo hata bandari ikibadilika mbele ya macho yetu.

Maelezo kuhusu tabaka yalikuwa wazi: za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziongezwe mafuta ya kitani, kwa kuwa ya juu ikitangulia kukauka picha hupasuka. Aliyezoea rangi za kung'aa za Tingatinga, mtindo ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1968, ajiandae kwa subira, kwani mafuta haya huganda polepole kwa kukutana na hewa.

Vifaa vilivyojumuishwa kwenye ada ndivyo vilivyoniudhi. Brashi zilinyofoka nywele zikabaki zimenasa kwenye anga la picha, na tyubu ya nyeupe ilikuwa ndogo ajabu, ingawa nyeupe ndiyo inayoliwa kuliko rangi zote. Nunua yako kubwa, tena uje na sanduku la kubebea turubai bichi, kwa sababu waandaaji hawana. Vanishi isubiri miezi 6 au zaidi, hata kama fundi wa fremu atakuharakisha.