Kontena za kioo zimeniokoa na njaa ya siku 30

Jamani hizi kontena za kioo zenye mfuniko wa kubana nimezitumia kwenye daieti ya siku 30, ile ya kuacha sukari, nafaka, jamii ya kunde na maziwa. Wiki ya kwanza sikuwa nazo na niliteseka kweli, saa kumi jioni tumbo linaunguruma, friji ina kabichi mbichi tu, na huwezi kutoka ukanunua chochote maana ukisoma pakiti nyingi utakuta sukari imejificha humo.

Sasa Jumapili nachemsha mayai 12, nabanika kuku, naoka viazi vitamu, nagawa kwenye kontena sita basi. Kioo kinaingia maikrowevu na harufu ya samaki haigandi kama kwenye plastiki, hapo nimezipenda sana. Ila kumbuka chakula kilichopikwa kwenye friji ni siku 3 mpaka 4, kwa hiyo cha Alhamisi na Ijumaa nagandisha, halafu usitoe kontena friza ukaitupia ovenini moja kwa moja, kioo kitapasuka.

Kasoro ni uzito, mbili tu kwenye begi unazisikia begani. Na ule mpira wa mfuniko uchomoe uoshe, mi nilikuta mafuta yameganda chini yake.

Kitu kingine, usijaze majani matupu, weka protini na mafuta kidogo kama parachichi, nilipokula majani matupu nilisikia njaa baada ya masaa mawili tu. Nazipa nyota nne, nanunua seti ya pili.