Darasa la Kuchora Lilinijenga, Ofisi ya Ushauri wa Ajira Ikanivunja Moyo

Laiti ningeandika maoni haya kabla sijaingia katika ofisi ya ushauri wa ajira ya chuo chetu cha jamii, ningewahimiza wote wajiandikishe kozi ya kuchora bila kusita. Sasa nasita.

Mwalimu alikuwa hodari kwelikweli. Alituweka mbele ya chupa na kitambaa kilichokunjamana, akatukataza kuinua penseli kabla jicho halijaufuata ukingo mzima; halafu ikaja michoro ya sekunde 30, ambapo mtu anayechorwa hubadili mkao nawe unawahi kuunasa uzito wa mwili wake kabla haujahamia mguu mwingine. Aliyeingia darasani akichora meza zinazoonekana kuanguka alitoka akijua mistari yake inapaswa kukutana wapi.

Karibu na mwisho wa muhula nilipeleka jalada langu la michoro kwa mshauri wa ajira, kwa kuwa nilitaka kujua niombe kazi wapi au nihamie chuo gani cha sanaa. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye simu. Kiti hakunionyesha. Alifungua jalada akaburuta kidole gumba juu ya mchoro wa mkono wa mzee, kazi ya mkaa iliyonichukua vipindi vingi, hasa vifundo vya vidole na ngozi iliyolegea juu yake. Likabaki doa jeusi hadi pembeni mwa karatasi, naye akajifutia kidole kwenye karatasi hiyohiyo. Pole hakusema. Alisema, “Ndugu yangu, kuchora ni burudani, na siku hizi kompyuta inachora. Chukua fomu ya uhasibu.” Mchoro wa pili hakuufunua.

Hasira yangu haijapoa, kwa sababu mtu huyu analipwa kuzijua kazi. Hajui kwamba Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1906, alichora kwa mkono wake seli za neva alizoziona kwenye hadubini? Hajui kwamba Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilianzisha idara ya sanaa ya kitabibu, yaani kuchora kwa ajili ya tiba, mwaka 1911, chini ya mchoraji Max Brödel, na kwamba fani hiyo ingali inafundishwa? Waakiolojia huchora vigae vya vyungu kwa vipimo, filamu za katuni hupangwa kwanza kwa michoro ya mfuatano, na mahakama zinazokataza kamera huwategemea wachoraji. Hata anayetumia kompyuta anahitaji jicho la kumwambia kwamba bega limekaa vibaya.

Nakiri kwamba nafasi za kuajiriwa kwa kuchora tu ni chache, na wengi huishi kwa kazi za mkataba, leo vielelezo vya kitabu cha kiada, kesho nembo ya kampuni. Angeniambia hivyo kwa adabu, ningemshukuru. Lakini katika fani hii cheti peke yake hakitoshi. Anayekuajiri anataka kuona kazi zako, na vyuo vingi vya sanaa huomba jalada la kazi kati ya 10 na 20, zikiwemo zilizochorwa kwa kutazama kitu chenyewe. Mkono ule wa mzee ulikuwa kazi ya kwanza katika jalada hilo. Ndiyo maana doa lile linaniuma.

Basi someni kozi hii? Kwa ajili ya mwalimu yule, ndiyo, tena ada yake inastahili kulipwa. Ila kila ninapoifungua karatasi ile nataka kuifuta hiyo “ndiyo”, maana chuo kinachomfundisha mtu kuona kwa makini kisha kikampeleka kwa mtu asiyetaka kutazama kimemwacha njiani. Nimemwandikia mkuu wa idara barua, nikaambatanisha picha ya mchoro ulivyo sasa. Mpaka atakaponijibu, nawashauri wanaotafuta ajira wamwombe mwalimu wa darasani ushauri, na mlango wa ofisi ile waupite.