Masomo kumi ya gofu: kilichobadilika kwenye kadi na kisichobadilika

Masomo haya yalikuwa kumi, nusu saa kila moja, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, hapa Dar es Salaam. Niliyaanza nikipiga kati ya mikwaju 98 na 105 kwenye kiwanja cha pa 72 (mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji mahiri), na ninawaandikia wenzangu wa ridhaa walio kwenye kundi hilo: mpira unaruka lakini unakata kulia, griini (nyasi fupi zenye shimo) mnafika lakini mnasukuma mara tatu. Nayapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotelea kwenye mkeka wa uwanja wa mazoezi, nitaeleza mbele. Maelezo yote ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Unacholipia hasa ni macho ya mtu mwingine. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya elfu mbili za sekunde. Hakuna mchezaji anayeweza kuhisi uso wa fimbo ulielekea wapi ndani ya muda huo. Ndiyo maana ushauri wa marafiki kiwanjani hausaidii sana. "Umeinua kichwa" ni jambo wanaloliona, na mara nyingi kichwa kimeinuka kwa sababu mwili ulishajua pigo limeharibika. Kukishikilia kichwa chini kwa nguvu huzuia bega la kulia kupita, na pigo linazidi kuharibika.

Mwalimu anayejua kazi yake haanzi na swingi yako (unavyozungusha fimbo), anaanza na mpira. Somo la kwanza likiwa zuri utapiga mipira kama 15 kwa aironi namba 7 (fimbo ya masafa ya kati) na mitano kwa dreva (fimbo ndefu ya kuanzia shimo) kabla hajasema neno. Anatazama mambo matatu: mpira umeanzia upande gani, umepinda kwenda wapi, na umegonga sehemu gani ya uso wa fimbo. Hilo la tatu usiliache. Paka poda ya mtoto, safu nyembamba tu, kwenye uso wa dreva. Mpira utaacha alama ya duara. Alama ikiwa karibu na kisigino cha fimbo, yaani upande wa mpini, dreva yenyewe itaupa mpira mzunguko wa kukata kulia hata kama swingi yako si mbaya. Mtu wa namna hiyo akibadilishiwa mshiko anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Dawa yake ni kusogea nyuma kiasi cha upana wa mpira mmoja na kuacha kuegemea vidole vya miguu.

Kwa wengi wetu lakini, kukata kulia kunatokana na uso wa fimbo ulio wazi, yaani umegeukia kulia, kuliko njia ambayo fimbo inapita. Sheria yake ni hii: mpira huanza safari karibu kabisa na pale uso ulipoelekea, zaidi ya robo tatu ya mwelekeo inatoka huko, kisha hupinda kuikimbia njia ya fimbo. Ukilielewa hili utaona kwa nini dawa ya mtaani, kulenga kushoto ili mpira urudi katikati, inaongeza tatizo. Ukigeuza miguu na mabega kushoto, njia ya fimbo inakwenda kushoto zaidi, tofauti kati ya njia na uso inakua, na mpira unakata zaidi. Wiki ijayo unalenga kushoto tena kidogo. Watu hukaa miaka kwenye mduara huo.

Kazi inaanzia kwenye mshiko. Mpini ulale kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kuanzia chini ya kidole kidogo hadi kiungo cha katikati cha kidole cha shahada, usipite katikati ya kiganja. Ukitazama chini uone vifundo viwili vya mkono huo, pengine viwili na nusu. Mfereji unaofanywa na kidole gumba na cha shahada uelekee bega la kulia. Mkono wa kulia ukifuata, kiganja chake kifunike kidole gumba cha kushoto. Kagua pia raba ya mpini. Kwa joto na jasho la pwani raba hugeuka laini kama sabuni, unabana bila kujua, na kubana huzuia uso wa fimbo kufunga. Glavu inayotoboka chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, inakuambia mpini unateleza. Kubadilisha raba ni gharama ndogo sana ukilinganisha na dreva mpya.

Sasa jambo ambalo mwalimu asipokuonya utamchukia. Baada ya mshiko kurekebishwa, wiki mbili za kwanza mipira itaanza kushoto na kuendelea kushoto. Si kwamba mshiko mpya ni mbaya. Uso sasa unafunga sawasawa, lakini njia ya fimbo bado ni ile ya zamani iliyozoea kukata kwenda kushoto. Wengi hurudi kwenye mshiko wa zamani hapohapo, na fedha za masomo zinaishia hapo. Vumilia, kisha rekebisha njia: weka mfuko wa kichwa cha dreva chini, nje ya mpira, sentimita 10 hivi mbali na unapogusa. Fimbo ikishuka kutoka nje itaupiga mfuko. Anza na swingi nusu, miguu ikiwa pamoja, hadi uweze kupiga mipira kumi bila kuugusa.

Tatizo la pili kwa uzito ni pigo la ardhi: fimbo inachimba nyuma ya mpira, au inaupiga mpira kichwani ukatambaa. Haya mawili yana mzazi mmoja. Mchezaji anajaribu kuunyanyua mpira, uzito unabaki mguu wa kulia, na sehemu ya chini kabisa ya swingi inaangukia nyuma ya mpira. Kuunyanyua si kazi yako, mteremko wa uso wa fimbo umetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa aironi, fimbo iupige mpira kwanza na ichimbe ardhi baadaye.

Zoezi la hili ni bure kwa sisi tulio karibu na bahari. Maji yakipwa, mchanga ule mgumu wenye unyevu ni kipimo kizuri kuliko mkeka wowote. Tafuta sehemu isiyo na watu wala mawe ya matumbawe, chora mstari wa mita mbili, simama ukiwa umeupanda kama vile mpira uko juu yake, piga swingi nusu kwa aironi 9 ukisogea hatua ndogo kila mara. Kovu lianzie kwenye mstari na kwenda mbele upande wa lengo. Likianzia nyuma, uzito umebaki kulia. Mara 30 zinatosha kwa siku moja. Osha fimbo kwa maji yasiyo ya chumvi, chumvi inakula chuma.

Na hapa ndipo mkeka uliponinyima nyota. Ukichimba sentimita 5 nyuma ya mpira kwenye mkeka, fimbo inateleza, inaufikia mpira na mpira unaruka vizuri. Unaondoka na furaha, Jumamosi kwenye nyasi pigo lilelile linakwenda mita 40. Mwalimu akikufundisha aironi kwenye mkeka pekee, omba mhamie kwenye nyasi. Asipokubali, weka taulo iliyokunjwa sentimita 10 nyuma ya mpira, fimbo ikiigusa utajua. Katika masomo yangu kumi, moja tu lilifanyika ndani ya kiwanja. Ningependa yawe matatu.

Mchezo mfupi, yaani mapigo ya karibu na griini, ndio ulioshusha kadi (jumla ya mikwaju) haraka, na ndio ambao wanafunzi wengi hawauulizii. Kwa chipu (pigo dogo la kando ya griini), fikiria uwiano wa kuruka na kuviringika kwenye griini ya kawaida iliyo tambarare: weji ya mchanga (fimbo yenye uso uliolala sana) huruka sehemu moja na kuviringika sehemu moja, weji ya kawaida moja kwa mbili, aironi 8 moja kwa tatu au nne. Chagua mahali pa kutua, mita moja ndani ya griini, halafu chagua fimbo kulingana na umbali uliobaki. Swingi ni ileile. Uzito uwe asilimia 60 au zaidi mguu wa kushoto tangu mwanzo, na ubaki huko. Anayechukua weji ya mchanga kwa kila chipu anajipa kazi ngumu pasipo sababu.

Bunkani (kwenye shimo la mchanga), fungua uso wa fimbo kwanza ndipo ushike. Ukishika halafu ukageuza mikono, uso utafunga tena wakati wa kupiga. Lenga mchanga sentimita 5 nyuma ya mpira na umalize swingi yote. Kosa la kawaida ni kusimamisha fimbo mchangani kwa woga. Mvua ikinyesha na mchanga ukashikana, punguza kuufungua uso, maana tumbo la fimbo, upande wake wa chini, litadunda juu ya mchanga mgumu na kuupiga mpira katikati, ukatokea upande wa pili wa griini. Kwenye mazoezi chora mstari kama ule wa ufukweni. Kwenye mchezo kanuni hazikuruhusu kugusa mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira wala kwa swingi ya majaribio.

Kwenye kusukuma, hesabu inaeleza yenyewe. Shimo lina kipenyo cha milimita 108. Kutoka mita 3, uso ukikosea nyuzi 1 tu, mpira unapita sentimita 5 kando ya katikati, yaani ukingoni kabisa. Kwa hiyo kulenga kunahitaji zoezi la geti: vijiti viwili vya tii (vya kuwekea mpira), upana wa kichwa cha fimbo na nafasi ndogo kila upande, kutoka sentimita 90, mipira 20 mfululizo. Lakini mikwaju mitatu kwenye griini mara nyingi inatokana na umbali, si mwelekeo. Weka mipira mita 6, 9 na 12, usilenge shimo, lenga mduara wa sentimita 90 kuzunguka shimo. Kwenye griini za bemuda (aina ya nyasi) soma pia mlalo wa nyasi: zikionekana zinang'aa, zimelala kuelekea unakokwenda na mpira utakimbia, zikiwa na weusi hafifu, zinakuja kwako, ongeza nguvu.

Masomo yenyewe ni nusu ya kazi. Nusu saa kwa mwalimu inahitaji angalau vipindi viwili vya mazoezi kabla ya somo linalofuata, na mipira 40 kwa kipindi inatosha: 10 ya swingi nusu, 20 ya zoezi ulilopewa, na 10 ya mwisho kila mmoja kwa fimbo tofauti na lengo tofauti, kana kwamba uko kiwanjani. Kupiga mipira 100 kwa dreva kwa dakika 30 ni jasho tu. Ukijirekodi kwa simu, iweke kwenye kimo cha mikono, nyuma yako, kwenye mstari wa mikono kuelekea lengo. Ukiiweka kwenye mstari wa miguu au wa mpira, njia ya fimbo itaonekana imepotoka hata kama iko sawa.

Usiyapime masomo kwa handikapu (namba ya kiwango cha mchezaji) ndani ya mwezi. Tangu mfumo wa dunia uanze mwaka 2020, namba yako ni wastani wa alama 8 bora kati ya 20 za karibuni, kwa hiyo kadi mpya inachukua muda kuonekana. Andika mwenyewe kwa kila shimo: umesukuma mara ngapi, umetumia mikwaju mingapi ndani ya mita 50, adhabu ngapi. Kwangu adhabu na kusukuma vilishuka wazi. Umbali wa dreva haukubadilika, na mwalimu anayekuahidi mita 30 zaidi kwa masomo machache msikilize kwa tahadhari. (Ukienda kucheza Nairobi, juu ya mita 1,600, mpira utakwenda mbali zaidi kwa asilimia kadhaa kwa sababu ya hewa nyepesi. Hilo si mafanikio ya somo, na jedwali lako la umbali wa Dar litakudanganya huko.)

Kuhusu kumchagua mwalimu: mapro (wachezaji wa kulipwa) wengi wa Afrika Mashariki walianza wakiwa kedi (wabeba fimbo za wachezaji), wanazijua griini za hapa kuliko mtu yeyote, na kwa mchezo mfupi sijaona wanaowazidi. Kabla ya kulipa uliza kama mipira na ada ya uwanja vimo kwenye bei, kama unaruhusiwa kurekodi, na masomo mangapi ni ya kiwanjani. Mkimbie anayekurekebishia vitu vitatu kwa nusu saa, na anayepiga mipira mingi kuliko wewe.

Mwenye fedha za masomo manne tu ayapange hivi: la kwanza uchunguzi na mshiko, la pili, baada ya wiki mbili, njia ya fimbo na pigo la ardhi, kwenye nyasi, la tatu chipu na kusukuma, la nne mashimo matatu au manne kiwanjani na mwalimu, bila kugusa swingi, akikuonesha wapi ulitoa dreva mahali pa aironi 7.