ReaComp: kompresa ya bure iliyonifumbua macho

Jamani mi nimekaa miaka kama minne naweka kompresa (programu ya kubana sauti zinazozidi kiwango) kwa kubahatisha, nachagua priseti, yani mipangilio iliyoandaliwa tayari, imeandikwa vokali (sauti ya mwimbaji) afu naendelea na kazi, ukiniuliza imefanya nini sina jibu. Mwaka huu nikazima plagini zote, zile programu ndogo za kuongezea, nikabaki na ReaComp tu mwezi mzima. Ni ile inayokuja ndani ya Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki ya kampuni ya Cockos, na kama upo Windows na unatumia programu nyingine kuna kifurushi chao kinaitwa ReaPlugs, unashusha bure na yenyewe imo humo.

Kwa sura haina urembo, hakuna mapicha ya mashine za zamani, ni vitelezi tu. Ila kitelezi cha threshodi, yani kile kiwango sauti ikikivuka kompresa inaanza kubana, kimekaa palepale kwenye mita ya sauti inayoingia, kwa hiyo unaona kabisa msanii akipaza sauti inavuka ule mstari na akinong'ona inabaki chini haiguswi. Hapo ndo nilipoelewa. Chukua threshodi desibeli -20, reshio 4 kwa 1 (kila desibeli 4 zinazovuka inatoka 1), msanii kapiga kelele kafika -8, yani kavuka kwa desibeli 12, kompresa inamruhusu 3 tu, anatoka na -17, zile 9 zimekatwa. Kumbe kompresa yenyewe haipandishi kitu! Inakandamiza vya juu, afu wewe ndo unanyanyua vyote kwa pamoja, na ndo maana feni na pumzi na bodaboda ya nje vyote vinakuja mbele.

Ataki, yani muda ambao kompresa inachukua kuanza kubana, ndo iliyonisumbua zaidi. Nilikuwa na vokali ya dada mmoja wa kwaya, anatamka vizuri sana, nikaweka ataki karibu na sifuri nikasikia zile "t" na "k" zake zinalainika, kama anaimba nyuma ya pazia. Nikapeleka milisekunde 15, konsonanti zikapita kwanza zikiwa nzima afu kompresa ikashika irabu, na maneno yakarudi yote. Rudia mstari mmoja mara ishirini ukisogeza hiyo tu, usiguse kingine, utasikia.

Rilizi, yani muda wa kuachia sauti ikishashuka, nayo usiiweke fupi mno kwenye besi. Noti ya hezi 50 inazunguka mara moja kila milisekunde 20, sasa ukiweka rilizi ya 10 kompresa inaanza kukimbizana na wimbi lenyewe na besi inakwaruza, wengi wanadhani spika imekufa.

Sehemu ya kupandisha sauti yenyewe otomatiki, izime, nakuomba. Sikio linapenda kilicho juu zaidi, utasema umeboresha kumbe umeongeza sauti tu. Linganisha kabla na baada zikiwa sawa. Na kama kiki (ngoma kubwa ya chini) inavuta wimbo mzima chini kila inapopiga, kuna filta ya kile ambacho kompresa inasikiliza, kata chini ya hezi 100 hivi, kiki itaendelea kusikika kwenye wimbo ila haitaiamsha kompresa ovyo.

Ukitaka ile ladha ya 1176, ile kompresa ya mashine ya mwaka 1967, yenye ataki ya maikrosekunde 20 hadi 800 na inayounguza sauti kidogo kwa utamu, hapa huipati, hii ni safi tu. Kwa kujifunza mi naona usafi huo ndo faida, maana kila unachosikia ni wewe umekifanya.

Reaper yenyewe unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, leseni ya punguzo ni dola 60. Vokali siku hizi naanzia reshio 3, ataki milisekunde 15, rilizi milisekunde 80, nashusha threshodi mpaka mistari mikubwa ipungue desibeli 4 au 5, afu nageuza kiti nisiione skrini, nasikiliza kama neno la mwisho la kila mstari bado linafika.