Boksi la kuunda ndege ya rimoti: mbao safi, ramani ya hovyo, na muuzaji ndiyo usiseme

Nilisema nisubiri hasira ziishe ndiyo niandike. Naona haziishi, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Nilinunua boksi la kuunda ndege ya rimoti, zile za mbao za balsa unazounganisha mwenyewe, kwenye duka moja la Dar es Salaam. Jina silitaji, mpwa wangu kanisihi. Ukubwa wa ndege, mota gani, betri gani, hayo yote yako kwenye matangazo yao, someni wenyewe. Mimi nina la kusema kuhusu karatasi moja na kijana mmoja.

Kwanza haki yao niwape, watu wasije wakasema mzee ana chuki. Mimi ni seremala hapa Dodoma, milango na vitanda ndivyo vilivyosomesha wanangu, na mbao mbovu siihitaji kuitazama mara mbili. Mbao zilizokuwemo kwenye lile boksi ni safi. Balsa inatoka Ekuador huko, na wepesi wake unashangaza: mninga wetu ni mzito kuliko balsa mara nne hivi. Halafu wataalamu wa miti wanaiweka kwenye kundi moja na miti migumu, ati kwa sababu ina majani mapana! Unaibonyeza kwa ukucha inabonyea, halafu uambiwe ni mbao ngumu. Haya.

Vipande vimekatwa kwa leza. Kwenye ukataji sina neno, msumeno wangu haufikii pale. Ila mjue leza inaunguza, kingo zinabaki nyeusi, na juu ya ule weusi gundi inashika kwa kujilazimisha. Pitisha msasa laini mpaka mbao ionekane, kisha acha, maana ukizidisha kipande kinacheza kwenye nafasi yake. Kwenye maelekezo yao hili hawakuliandika. Nalisema mimi, bure.

Sasa karatasi.

Ndege ya namna hii inajengwa juu ya ramani yenyewe. Siyo kama nyumba, kwamba unaitazama ramani halafu unakwenda kupima kiwanja. Hapa ramani imechorwa kwa ukubwa wa ndege kamili. Unaitandaza mezani, unafunika na nailoni angavu ili gundi isigandie, halafu unapanga mbao juu ya mistari, unazibana kwa pini. Bawa la ndege hii chini ni bapa, wamelifanya hivyo makusudi ili anayejifunza alijenge limelala mezani bila kupinda. Kwa hiyo ramani ikiwa sawa, ndege ni sawa. Ramani ikidanganya, kila kitu kinadanganya.

Nikatandaza, nikabana boriti ya chini, ule mti mrefu unaobeba bawa, nikaanza kusimamisha mbavu, vile vipande vinavyolipa bawa umbo. Boriti ina vipengele vilivyokatwa tayari vya kuingizia kila ubavu. Ubavu wa kwanza ukakaa juu ya mstari wake. Wa pili ukapita mstari kidogo, nikasema labda pini. Wa tatu ukapita zaidi. Kufika ncha ya bawa, ubavu wa mwisho uko nje ya mstari wake kwa milimita 20 na ushee. Milimita 20! Kwenye mlango wa choo tu ningerudishiwa kazi.

Niligeuza, nikapindua, nikabadilisha boriti ya kushoto na ya kulia. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi ndiyo nikaona kwenye kona ya ile karatasi kuna kijistari, pembeni yake wameandika milimita 100. Nikaweka rula. Inasoma 97.

Hapo nikaelewa kila kitu. Mbao zimekatwa kwa kipimo halisi, ila aliyechapa ramani aliambia mashine ipunguze mchoro utoshe kwenye karatasi. Asilimia 3 imepotea. Ukiitazama kwa macho huioni, lakini kwenye nusu ya bawa lenye milimita 700 ndiyo hizo milimita 21 zinazokutafuta. Na kile kijistari cha kona kimewekwa kwa ajili ya jambo hilo hilo, ili mtu apime kabla ya kutia karatasi ndani ya boksi. Hakupima mtu. Walikunja, wakafunga, wakapokea hela.

Basi nikapiga picha, rula yangu ya chuma juu ya kile kijistari, nikamtumia muuzaji. Nikaandika kwa adabu kabisa: "Habari za kazi kijana wangu. Ramani iliyokuja imechapwa ikapungua. Naomba nyingine, nauli ya basi nitalipa mimi."

Salamu hakujibu. Akaandika: "Mzee wateja wote wanajengea hiyo hiyo. Cheki rula yako."

Cheki rula yako. Mimi! Ile rula imepima milango ya mtaa mzima, na yote inafunga. Nikatafuta rula nyingine kwa jirani, nikatafuta ya mtoto wa shule, zote nikazipanga juu ya kijistari, nikapiga picha tena. Zote 97. Kimya. Tiki zimegeuka bluu, kimya. Jioni ikaja sauti. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu: "Mzee wangu usichukie, ila hizi ndege zinataka mtu aliyesoma kidogo. Mwachie kijana hapo nyumbani akusaidie."

Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni. Hakucheka, maana alinitazama usoni.

Nilitaka niandike siku ile ile msinunue, mkatae, mrudishe. Kama mnataka hukumu ya haraka ni hiyo: msinunue. Lakini mbao zilikuwa mezani, nzuri, na mimi mbao nzuri kuiacha mezani siwezi.

Nikachora ramani upya. Nilichukua karatasi za manila, nikaziunganisha, na kila kipimo cha kwenye ramani yao nikakizidisha kwa 100 nikagawa kwa 97. Kalamu ya seremala na kikokotoo cha simu. Bawa halikunisumbua sana kwa sababu vipengele vya boriti vyenyewe vinasema ubavu ukae wapi. Kasheshe iko mkiani. Mkia unajengwa kwa vijiti unavyokata mwenyewe kufuata mchoro, hakuna kipengele cha kukuamsha. Yule anayefuata ramani ya dukani anapata mkia mdogo, mdogo kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo eneo linapungua karibu asilimia 6, na wala hatajua. Ndege itaruka, ila haitatulia inavyopaswa, naye atabaki anajilaumu mikono. Hao ndio "wateja wote" wa yule kijana.

Nilipokwisha kuchukua kalamu nikasema, kama ndiyo nimeshakuwa mchoraji, basi nirekebishe na mengine.

Kibao kinachoshika miguu ya matairi walikiweka cha plaiwudi laini. Nikakitoa, nikaweka kipande chembamba cha mninga. Uzito umeongezeka, ndiyo, ila kidogo, na pale ndipo ndege inapopiga chini kila ikitua. Vitairi vyao vya plastiki ni vya kuchezea sebuleni kwenye marumaru. Huku kwetu ni mchanga na miba ya migunga, nikaweka vikubwa vya sponji. Mpwa akaniambia tena jambo ambalo maelekezo hayakuligusa: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 10 hivi, jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata kidogo cha kushikilia, pangaboi nalo linapata kidogo cha kusukuma. Wao wanasema weka pangaboi la inchi 9, tukaweka la 10, tukaiwasha mota chini kwanza huku tukipima umeme inaokula, na tukizima tunaigusa kama imechemka. Haikuchemka. Kwa mtu wa Dar au Tanga sisemi afanye hivyo, wa pwani abaki na la kwao kwanza.

Tairi, mninga, mkia wa saizi yake, basi uzito ukahamia nyuma. Ndege hii inatakiwa ukiibeba kwa vidole viwili chini ya mabawa, mahali pasipofika theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, ilale sawa. Yetu ikawa inainua pua. Nikatoboa kile kiukuta cha nyuma ya mota, kwa uangalifu, betri ikasogea mbele mpaka karibu kuigusa mota. Ikalala sawa bila kuongeza kipande cha risasi puani cha kuipa uzito. Ni kitobo tu, lakini kuna siku nilikuwa namwita kila anayepita dukani kwangu aje akione.

Kufunika kwa ile plastiki ya kubandika na pasi sitaki kuzungumzia. Inatosha kusema pasi ya nguo ya mke wangu si ya nguo tena.

Kuruka kwenyewe. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko katikati ya mji, kwa hiyo msije mkarusha hovyo nyuma ya nyumba, na kibali kina utaratibu wake Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hayo aliyafuatilia mpwa. Tulikwenda mbali, njia ya Hombolo, alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa sababu upepo wa Dodoma mchana hauna adabu. Rimoti akashika yeye. Mimi nilisema nitashika simu nichukue video, lakini mkono ulikuwa unatetemeka na nusu ya video ni viatu vyangu.

Ikakimbia kwenye kijia, ikainuka. Yaani ikainuka tu, bila kuhangaika. Akaiacha mota kwenye nusu ya nguvu, akatoa vidole kwenye vijiti vya rimoti, na ikaendelea kwenda sawa, mabawa yake yametulia, mwanga unapita kwenye ile plastiki ya njano unaziona mbavu zote, mojamoja, kila moja mahali pake. Nilizihesabu kwa sauti kama mwendawazimu. Nimetengeneza vitanda vya maharusi, nimetengeneza mimbari ya msikiti, watu wamenishukuru mpaka machozi. Sikuwahi kusikia nilichosikia pale.

Kwa hiyo nikalainika. Nakiri, siku zile kama mngeniuliza ningesema nunueni, ramani mtaichora upya, boksi lina thamani yake. Hata nilianza kumtetea yule kijana: labda siku ile alikuwa na yake, labda duka ni la mtu, yeye kaajiriwa tu. Nikawa tayari kutoa nyota 4. Karibu 5.

Halafu juzi mpwa ananiletea simu. Ile video, alimtumia rafiki yake, rafiki akamtumia mwingine, na sasa iko kwenye ukurasa wa lile duka. Ndege yangu. Viatu vyangu wamevikata, wameacha pale inapopita kwenye mwanga. Chini wameandika: "Kazi ya mteja wetu wa Dodoma. Boksi kama hili zipo, karibuni." Mioyo mingi, mikono ya kupiga makofi. Mtu mmoja akauliza kama ni ngumu kujenga. Kijana akamjibu: "Rahisi sana ndugu, fuata ramani tu."

Fuata ramani tu!

Nikampigia. Hakupokea. Nikamwandikia kwamba ule mkia unaouona haukutoka kwenye ramani yako, na kwamba ningependa kujua kama siku hizi wanachapa ramani sahihi au bado ni zile zile. Akajibu upesi safari hii, salamu akaiweka: "Shikamoo mzee, hongera kwa kazi nzuri! Tunaomba na picha za karibu." Kuhusu ramani, hakuna neno.

Basi nyota sijui nitoe ngapi. Aliyezipasua zile mbao na aliyezikata kwa leza, popote walipo, nawapa zote. Duka halipati kwangu hata nusu nyota. Mkiuliza kama mnunue, najua nilishasema ndiyo na nilishasema hapana. Kama una meza, una rula, una mwezi wa jioni zako na moyo wa kuchora, nunua. Kama ni zawadi ya mtoto umpe afuate maelekezo, utamfanya auchukie ufundi kabla hajauanza, tafuta kwingine.

Mliokwisha kununua pale, wekeni rula kwenye kile kijistari cha kona kabla ya kufungua gundi. Ikisoma 97, ramani niliyochora upya ninayo, mje na karatasi zenu mnakili bure. Mwenye duka naye akiitaka nitamuuzia, kwa bei ya boksi zima, na aje na rula yake.